Nyuki wasiotoa asali nao wajengewe makazi

MAMA mmoja mkulima wa Muheza, mkoani Tanga, ana shamba la pesheni za njano lisilofika ekari moja. Msimu uliopita nilimtembelea saa nne asubuhi, nikamkuta juu ya ngazi barazani kwake, ameshika waya uliopashwa moto na anauchomeka kwenye matundu ya kenchi. Sakafuni walikuwa wamelala nyuki weusi wakubwa, kama kumi hivi, wengine bado wanatikisa miguu. Nilimwamkia, akaitikia bila kushuka: "Marahaba mwanangu. Subiri kwanza niwamalize hawa, wanaila nyumba yangu."

Mchana tulikwenda shambani. Maua ya pesheni yalikuwa yamefunguka vizuri, na vijana wawili walikuwa wanapita mstari kwa mstari, wanapangusa unga wa njano kwenye ua moja na kuupaka kwenye ua la mche mwingine. Mama anawalipa kwa siku. Alieleza kuwa msimu uliotangulia maua yalichanua kwa wingi na kudondoka kwa wingi, na matunda machache yaliyobaki yalikuwa mepesi, ukiyapasua unakuta ganda na hewa. Mnunuzi kutoka Tanga mjini aliyakataa. Bwana shamba akamshauri achavushe kwa mkono.

Kwa maneno mengine, asubuhi mama huyu alikuwa anawaua wafanyakazi wa bure, na mchana anawalipa wengine waje kufanya kazi ile ile.

Simcheki. Mimi mwenyewe nilikulia katika nyumba ambayo watoto tulipewa kazi ya kuziba matundu hayo kwa kinyesi cha ng'ombe, tena tukashindana nani amefungia wengi zaidi. Na nilipofika chuo kikuu kusomea uchumi wa kilimo, tulifundishwa kuandika gharama za mbegu, mbolea, dawa, palizi, magunia na usafiri. Hapakuwa na mstari wa mchavushaji. Kitu kisicholipiwa hakiandikwi kwenye hesabu, na kisichoandikwa kwenye hesabu kikipotea hakuna anayejua kimepotea lini. Ukurasa huu leo unataka kuuweka mstari huo, na kueleza namna mkulima anavyoweza kuwajengea wadudu hawa makazi kwa vitu vilivyopo nyuma ya nyumba yake.

Tuanze na kuwatambua. Neno nyuki likitajwa, wengi wetu tunafikiria mzinga, malkia, asali na kuumwa. Dunia ina zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na wengi wao hawana mzinga wala malkia. Kila jike hujitegemea: hutafuta tundu lake, hukusanya chavua na maji matamu ya maua, hutengeneza donge la chakula, hutaga yai juu yake, huziba chumba, kisha huanza chumba kingine mbele ya kile cha kwanza. Wataalamu huwaita nyuki wapweke. Wasichanganywe na wale nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao hutumika kama dawa. Hao nao huishi kwa jamii kama nyuki wa mizinga.

Nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao wamo katika kundi hili, ingawa mara nyingine mama na mabinti zake hukaa katika nyumba moja kwa muda. Wengi wamewaona wakivuma mbele ya baraza kama pikipiki ya mbali. Katika baadhi ya aina zilizozoeleka kwetu jike ni mweusi mwenye mkanda wa njano au mweupe, na dume ana manyoya ya njano mwili mzima, hata watu hudhani ni wadudu wawili tofauti. Yule anayekukaribia usoni na kukuzunguka kwa ukali mara nyingi ni dume, na dume hana mwiba. Jike anao, lakini mpaka umshike au umbane ndipo autumie. Mbao haili hata kidogo. Anachimba njia ya kulea watoto, na unga wa mbao anautupa nje.

Wapo pia nyuki wakata majani, ambao ni wadogo zaidi. Ukiona majani ya waridi au ya mbaazi yamekatwa vipande vya duara kama vilivyopimwa kwa kizibo cha soda, huyo ndiye. Vipande hivyo anavipeleka kwenye tundu na kuvikunja kuwa kikombe cha kutagia. Wapo wakulima wanaokimbilia dukani kununua dawa wakiona majani yao hivyo. Fedha hiyo inapotea bure, maana mmea wenyewe hauoni hasara yoyote ya maana.

Sasa twende kwenye pesheni, kwa kuwa ndiko fedha ilikolala wazi zaidi. Ua la pesheni ni kubwa. Sehemu za dume na za kike zimekaa juu, na maji matamu yako chini katikati. Nyuki wa asali akiingia anapita chini kama mtoto anayepita chini ya meza: anakunywa, anaondoka, hajagusa kitu. Wakati mwingine anakomba chavua yote na kuipeleka mzingani, na ua linabaki kapa. Nyuki mweusi wa mbao akitua, mgongo wake unafika juu kabisa. Anapakwa chavua hapa, na kwenye ua linalofuata anaipaka mahali pake bila kukusudia. Ndiyo maana mkulima mwenye mizinga kumi pembeni mwa shamba la pesheni bado anaweza kulia njaa ya matunda.

Pesheni ya njano ina ugumu mwingine. Haikubali chavua yake yenyewe; inataka chavua ya mche mwingine usio ndugu yake wa karibu mno. Kwa mantiki hiyo, mkulima aliyepanda shamba zima kwa vipandikizi vya mche mmoja asitegemee nyuki wala vijana wa kuchavusha, atafute kwanza miche ya mbegu kutoka kwenye mimea tofauti. Ua la njano hufunguka kuanzia mchana na kufunga jioni, na halifunguki tena. La zambarau hufunguka alfajiri na kufunga karibu na adhuhuri. Aidha, kila kifuko kidogo cha juisi ndani ya tunda kimezunguka mbegu moja. Chavua ikiwa kidogo, mbegu zinakuwa chache, na mbegu zikiwa chache juisi haipo. Ule wepesi uliomfanya mnunuzi wa Tanga akatae mzigo ulianzia kwenye ua, wiki nyingi kabla ya tunda kuiva.

Tufanye hesabu, na msomaji abadilishe tarakimu kulingana na bei za kwake. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ina miche kama 450. Chukulia kila mche unafungua maua 20 kwa siku wakati wa kilele. Hayo ni maua 9,000. Tuseme tunataka nusu yake tu yashike, yaani 4,500. Kijana mwepesi akitumia sekunde 6 kwa ua, anafanya maua 600 kwa saa, na kwa saa nne za mchana anafikisha 2,400. Unahitaji vijana wawili kila siku. Kama kila mmoja analipwa shilingi 8,000, ni shilingi 16,000 kwa siku na 480,000 kwa siku 30. Na hizo ni siku ambazo vijana wamekuja. Siku ya msiba, ya gulio au ya mechi ya Simba na Yanga, maua ya siku hiyo yamekwenda.

Kwa upande wa pili weka mianzi michache, waya, kipande cha bati kuukuu na mchana mmoja wa kazi. Sisemi kwamba ukitundika leo, kesho uwafukuze vijana. Nyuki huyu huzaa polepole, jike hutaga mayai machache tu katika tundu lake, na kama eneo lenu mmewamaliza kwa nyaya za moto itachukua misimu kadhaa kuwarudisha. Lakini gharama ya kujaribu ni ndogo kuliko siku tano za kuchavusha kwa mkono, na faida ikija haiondoki mwisho wa mwezi.

Ujenzi wenyewe hauhitaji fundi. Kwa nyuki weusi wa mbao, nyenzo bora katika mikoa kama Tanga na Morogoro ni mlingoti wa mkonge uliokauka, ule unaochomoza katikati ya mmea ukizeeka. Ganda lake ni gumu na ndani ni laini, nyuki anachimba kwa urahisi. Kata vipande vya kama mita moja. Kusiko na mkonge tumia gogo kavu la mti laini usiooza upesi, unene wa paja la mtu, na utoboe vitundu vichache vya kuanzia vya upana wa milimita 12 na kina cha kidole ili kumrahisishia kazi. Mwanzi nao anaupenda, mradi uwazi wa ndani uwe kati ya kidole cha mwisho na kidole gumba. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zisitumike kabisa.

Kwa nyuki wadogo, wakiwemo wakata majani, chukua mianzi myembamba au matete yaliyokauka, yenye uwazi kuanzia unene wa kijiti cha ufagio wa chelewa hadi unene wa penseli na zaidi kidogo, yaani milimita 4 hadi 10. Changanya ukubwa, kwa sababu kila aina ina kipimo chake. Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, na hapa ndipo wengi wanapokosea: kila kipande lazima kiwe na kifundo upande mmoja ili nyuma pawe pameziba. Kipande kilicho wazi pande zote mbili ni bomba la upepo, hakuna mama atakayezalia humo. Lainisha mdomo kwa msasa, maana kibanzi kimoja kinatosha kuchana bawa. Funga vipande 20 au 30 kwa waya na uviingize kwenye kopo la mafuta lililotobolewa chini maji yasituame, au uviezeke kwa bati linalochomoza mbele kama kibaraza.

Watu huniuliza kwa nini kina cha sentimita 15 wakati mdudu mwenyewe ana sentimita moja. Sababu ni ya kiuchumi kabisa. Jike huanza kutaga kutoka nyuma kuja mbele. Mayai ya majike huyaweka nyuma kwenye usalama, na ya madume karibu na mlango. Tundu likiwa fupi anataga madume matupu. Madume hayakusanyi chavua ya watoto, na msimu unaofuata utakuwa na kelele nyingi na kazi kidogo.

Mirija ya plastiki ya kunywea soda isitumike, hata kama mtoto wa shule ameiona kwenye picha na inapendeza. Haipumui, jasho linabaki ndani, chakula cha watoto kinaota ukungu. Tundika kitu chako kikiwa kimetulia, kisibembee, urefu wa kifua cha mtu au zaidi kidogo, kikitazama mashariki kipate jua la asubuhi na kukingwa na mvua. Waya wa kutundikia au nguzo ipakwe grisi, vinginevyo sisimizi watahamia kabla ya nyuki. Wakulima wa Pwani na Tanga wenye maji moto kwenye michungwa wanajua ninachozungumzia. Usitundike kwenye mti wenye viota vyao. Kisikae ardhini, mchwa hawabagui. Mahali penye kigogota weka wavu wa kuku kwa mbele, umbali wa kiganja.

Ukiona mlango umezibwa kwa udongo, utomvu au majani, tayari kuna familia ndani na usichokonoe. Baadhi ya matundu yatachukuliwa na nyigu wapweke wa udongo. Usiwafukuze hao nao. Wengi wao hulisha watoto wao viwavi waliowatoa kwenye mazao yako.

Kuna jambo ambalo wanaosifia makazi haya huwa hawalisemi. Nyumba nyingi za nyuki zikirundikwa mahali pamoja, zikaachwa miaka bila kusafishwa, zinageuka kituo cha magonjwa. Utitiri, ukungu, na nzi na nyigu wanaotaga ndani ya vyumba vya wenzao hujua nyumba kubwa ilipo kama vibaka wanavyojua stendi ilipo. Kwa hiyo ni bora vifurushi vidogo kumi vilivyotawanywa kuzunguka shamba kuliko ghorofa moja la kupigia picha. Matete na mianzi myembamba ibadilishwe kila baada ya vizazi kutoka. Njia rahisi ni kuingiza mafungu ya zamani kwenye boksi lenye giza na tundu dogo moja, nyuki watoke kufuata mwanga, wakute makazi mapya yametundikwa jirani. Boksi likinyamaza, choma vilivyomo. Nyuki weusi wa mbao ni tofauti, maana hurudia nyumba ile ile kizazi hadi kizazi. Wao waachie gogo lao mpaka lioze.

Na kenchi je? Mwenye nyumba ana haki ya kulinda paa lake, hasa sasa ambapo vijijini nyumba nyingi zinaezekwa kwa mbao laini za paina. Nyuki huyu anapendelea mbao kavu isiyopakwa kitu. Ipake rangi ya mafuta na utakuwa umemfungia mlango kistaarabu. Matundu yaliyopo yazibwe baada ya kuhakikisha ni matupu, wakati huo huo milingoti ya mkonge ikiwa imeshatundikwa hatua chache kutoka hapo, kuelekea shambani. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Msemo huo ulitungwa kwa ajili ya binadamu, lakini sioni pengine unapokaa vizuri kama kwenye kenchi ya mkulima wa pesheni.

Makazi peke yake hayatoshi. Ua la pesheni linachanua msimu, nyuki anakula mwaka mzima. Mahali ambapo kila kichaka kimechomwa hadi mpaka wa barabara, mwanzi wako utakaa mtupu. Panda mbaazi pembezoni. Acha mjohoro mmoja au miwili, maua yake ya njano huwavuta sana. Marejea, ule mmea wa kurutubisha udongo uliosambazwa sana kutoka Peramiho mkoani Ruvuma, unafaa mara mbili: unalisha shamba na unalisha nyuki. Vilevile aina nyingi za nyuki wapweke hazikai kwenye matundu ya miti, zinachimba ardhini au kwenye kuta za udongo. Kipande kidogo cha ardhi ngumu isiyolimwa, kinachopata jua, ni makazi ambayo hayakugharimu hata waya.

Halafu kuna dawa. Mkulima anayepulizia pesheni ya njano saa nane mchana anapulizia moja kwa moja juu ya wafanyakazi wake. Hata maji matupu kutoka kwenye bomba la mgongoni yanapasua chavua na kuliharibu ua la siku hiyo. Kama ni lazima upulizie, pesheni ya njano ipulizie alfajiri kabla maua hayajafunguka na ya zambarau jioni baada ya kufunga, na uchague dawa isiyokaa muda mrefu. Tatizo ni kwamba nyuki hajui mpaka. Wewe ukiacha, jirani mwenye nyanya akapulizia dawa kali mchana, hasara ni ya wote wawili. Hapa ndipo ninapoona kazi ya vikundi na vyama vya ushirika vya msingi, ambavyo hukutana kugawana madeni na kulalamikia bei: vikubaliane saa za kupulizia kama vinavyokubaliana siku ya kuuza.

Wasiolima pesheni wasidhani hayawahusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka Nguruman, wilayani Kajiado nchini Kenya, ulionyesha kuwa biringanya za wakulima wadogo zilihudumiwa na nyuki wapweke, akiwemo huyu mweusi wa mbao, waliokuwa wakitegemea pori la jirani wakati biringanya hazina maua. Ua la biringanya, kama la nyanya, hutoa chavua likitikiswa kwa mvumo maalumu ambao nyuki wa asali hana uwezo nao. Mbaazi hutembelewa sana na nyuki wa mbao na wakata majani. Ni kweli kwamba mkulima wa mbaazi wa Babati, Lindi au Mtwara ana majeraha mengine; India ilipoweka ukomo wa uagizaji mwezi Agosti 2017 bei iliporomoka, na hakuna nyuki anayeweza kurekebisha hilo. Lakini bei ikiwa nzuri ni nani asiyetaka maganda yaliyojaa? Kwenye kahawa ya mteremko wa Kilimanjaro, utafiti wa mwaka 2014 ulikuta uzito wa tunda uliongezeka kwa takribani asilimia 7 pale wadudu walipoachwa wafikie maua. Asilimia 7 kwa mkulima mdogo ni ada ya muhula.

Nchi nyingine zimeshafanya biashara ya jambo hili bila aibu. Kaskazini mwa Japani, wakulima wa matufaha walianza miaka ya 1940 kufunga mafungu ya matete kwa ajili ya nyuki mpweke wa kwao. Nchini Marekani na Kanada, wazalishaji wa mbegu za alfaalfa wanatumia mbao zilizotobolewa kufuga nyuki mkata majani, baada ya kuona kuwa nyuki wa asali analikwepa ua la alfaalfa kwa sababu humpiga kichwani linapofyatuka. Brazil, mzalishaji mkubwa wa pesheni duniani, wapo wanaowawekea nyuki wa mbao masanduku maalumu ndani ya mashamba, na wapo wengi wanaoendelea kulipa vibarua wachavushe kwa mkono.

Hata hivyo, naomba tusikimbilie kuligeuza jambo hili kuwa mradi wa kuwauzia wakulima masanduku. Tuliona jirani zetu Kenya mwaka 2013 na 2014 walivyouziana kware mpaka soko likajaa kware na wanunuzi wakaisha. Nyuki mpweke hana asali, hana nta, hana cha kupeleka gulioni. Faida yake inaonekana kwenye tunda tu. Yeyote atakayekuja kijijini kwenu na semina ya kiingilio, akiahidi kununua "mavuno" ya nyuki hawa, muulizeni atanunua nini.

Wajibu wa serikali upo, na ni mdogo kiasi kwamba hauhitaji mfadhili. Kwa mpangilio wetu bwana shamba anafuata sera ya Wizara ya Kilimo, na mtaalamu wa nyuki anafuata Wizara ya Maliasili na Utalii. Ufugaji nyuki una sheria yake ya mwaka 2002, na takwimu zake ni za asali na nta. Nyuki asiye na asali anaangukia katikati ya meza mbili: kwa mmoja ni mdudu tu, kwa mwingine si nyuki wa kufugwa. Tangu mwaka 2018 dunia inaadhimisha Siku ya Nyuki kila tarehe 20 Mei, na hotuba za siku hiyo kwetu huwa ni za tani za asali na masoko ya nje. Ni jambo jema, lakini mkulima wa pesheni, biringanya na tikiti maji hasikii lake. Tunashauri kila halmashauri yenye mazao hayo imtake bwana shamba na bwana nyuki waende pamoja kwenye shamba darasa moja, watundike vifurushi vichache, na wahesabu matunda upande wenye makazi na upande usio nayo. Hesabu hiyo ndiyo tunayoikosa. Mafuta ya pikipiki mbili na daftari moja yanatosha, na bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai inaweza kuyabeba bila kumkera mtu.

Mama wa Muheza hakusubiri bajeti. Nilipopita tena baada ya miezi mitatu alikuwa amepaka kenchi rangi ya kahawia, na kwenye uzio wa shamba alikuwa ametundika vipande saba vya mlingoti wa mkonge. Vijana bado alikuwa anawalipa. Alinipeleka kwenye vipande viwili vya upande wa mashariki, akainama, akaniokotea chini unga mwembamba wa mbao mbichi mbichi. "Wameingia jana hawa," alisema. "Na huyu mmoja nadhani ni yule niliyemkosa na waya."